Mashine Iliyouogopa Muhuri

Sina ugomvi na mashine kwa jumla. Nyumbani kwangu Mkolani nina friji, nina pasi, nina blenda, na vyote hivyo vinafanya kazi niliyovinunulia bila kunijibu. Ugomvi wangu ni na mashine moja tu, ile ya kuchapa alama ya malipo ya posta kwenye bahasha, iliyoletwa masjala nilipokuwa nafanya kazi katika hospitali moja hapa Mwanza. Na nikisema kweli, hata kwa mashine yenyewe sina neno. Walionipandisha presha ni watu.

Hospitali yetu ilikuwa bado inatuma barua. Najua mtu atacheka, siku hizi nani anaandika barua. Lakini wagonjwa wetu wengi walitoka visiwani na kwenye kambi za uvuvi, watu wanaohama na dagaa. Leo namba hii inapatikana, mwezi ujao laini imefungwa, au inapokelewa na mtu mwingine kabisa anayekuuliza wewe nani. Barua ilikwenda kwenye boksi ya shule ya msingi au ya parokia, ikakaa pale, na mwenyewe angeipata hata kama amehama kambi. Kwa hiyo masjala tulikuwa na kazi, na siku za kuita wagonjwa wa upasuaji kazi ilikuwa kweli kweli.

Mashine ilipokuja, fundi aliyetoka nayo Dar alitukusanya tuione. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka likanyooka kama ubao. Akachukua bahasha tupu, akaiingiza, ikatoka upande wa pili na alama nyekundu kwenye kona ya juu kulia.

"Hii ina jicho," akasema. "Inaikagua bahasha kabla ya kuipiga. Ikikuta kona imeshachorwa kitu, inasogeza alama yenyewe mpaka inapopata nafasi wazi. Bahasha kubwa, ndogo, nene, zote inajirekebishia. Nyinyi kazi yenu ni kuingiza tu."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sikatai. Nilikuwa nimechoka kulowesha stempu kwenye sponji.

Sasa lazima nieleze habari ya muhuri, maana bila muhuri hakuna kisa. Mkuu wetu wa utawala, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa na muhuri wa hospitali, mkubwa, wa duara, wa wino wa bluu. Kila bahasha iliyotoka hospitali ilipita kwanza ofisini kwake ghorofani, ikagongwa muhuri huo nje, kona ya juu kulia. Si ndani kwenye barua tu, nje kabisa, ambako mtu angeuona kabla hajafungua. Nani alianzisha utaratibu huo sijui. Mimi nilikuta hivyo, na yeye nadhani alikuta hivyo. Muhuri wenyewe aliufungia kwenye droo, funguo akazitundika shingoni pamoja na miwani.

Zamani haikutusumbua. Stempu ya kubandika ilikaa pembeni ya muhuri, ikaubana kidogo, maisha yakaendelea.

Mvua za masika zilipoanza, alikuja masjala mwanamke mmoja kutoka Ukerewe. Umri wake ulikuwa kama wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa mkaangaji wa samaki pale mwaloni kwao, mitumbwi inapotia nanga, na karai la mafuta lilikuwa limempindukia. Kidonda kilipona, lakini kilipona vibaya. Ngozi ya kovu ilikuwa imevivuta vidole vyote vya mkono wa kulia vikajikunja kwenye kiganja, na ngozi yenyewe inang'aa. Daktari wa ngozi alikuwa amemwandikisha kwa ajili ya bingwa wa makovu, ambaye alikuja kwetu mara moja tu kwa mwaka, akafanya upasuaji wiki moja, akaondoka. Walimtuma kwangu aache anwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe namba ya simu."

"Simu ninayo, mama, lakini usinipigie. Niandikieni barua."

Nikamuuliza kwa nini, maana ni watu wachache wanaoomba kuandikiwa.

"Mume wangu yuko kambini, shemeji yangu ndiye mwenye kauli pale nyumbani. Kwa simu hawezi kuniachia. Kuna jirani yetu alipigiwa akaambiwa njoo Mwanza kuna mafunzo ya ushonaji, kumbe matapeli, alirudi hana hata kandambili. Tangu siku hiyo pale kwetu simu si kitu. Tuma barua yenye muhuri, muhuri uwe nje auone. Akiuona hawezi kubisha."

Akanipa boksi ya shule ya msingi. Nikaandika. Nikamuuliza mkono unamsumbua wapi zaidi.

"Siwezi kushika kisu," akasema. "Samaki wananiparulia wengine, mimi nakaanga tu. Na wanaoniparulia wananisimanga."

Nilimwahidi kwamba barua yake itatoka mapema. Niliahidi kwa moyo wote, maana nilijua ratiba ya bingwa na nilijua meli za kwenda kwao.

Mwezi haujaisha, tarishi wetu akarudi kutoka posta na bahasha zetu zenyewe, zimeandikwa RUDISHA KWA MTUMAJI. Nikapiga simu dirishani posta. Dada aliyepokea alikuwa na adabu zake.

"Mama, tusaidieni. Hizi barua zenu tunazipeleka boksi gani? Namba mmeipiga chapa juu yake."

Nikazimwaga mezani. Kweli. Kwenye kila bahasha, alama nyekundu ilikuwa imelala juu ya namba ya boksi, imeifunika sawasawa, kama mtu aliyepima kwa rula. Nilikaa nikazitazama mpaka nikaelewa. Mashine ilikuwa inakuta muhuri wa bluu kwenye kona. Inasema hapa pana kitu. Inashuka chini kutafuta nafasi wazi. Na anwani zetu tuliziandika kwa kalamu ya wino hafifu kwenye bahasha ya kaki. Jicho lake liliuona muhuri, mwandiko halikuuona. Ikaona pale kwenye boksi ndipo patupu, ikatua.

Nikapanda ghorofani na bahasha zangu mkononi, nimefurahi hata, kwa sababu tatizo nilikuwa nimelijua na dawa yake ilikuwa rahisi.

"Mama," nikamwambia mkuu, "naomba muhuri tuugonge kushoto."

Akavaa miwani. "Kushoto wapi?"

"Kona ya kushoto. Kulia tuiachie mashine."

"Kushoto ni mahali pa jina la mtumaji."

"Basi nyuma, kwenye mfuniko."

"Muhuri wa hospitali nyuma? Kwenye gundi?" Aliniangalia kama nimetukana. "Mtu akipokea barua anaigeuza nyuma kwanza?"

"Basi niipitishe kwenye mashine kwanza, halafu nikuletee ugonge muhuri baadaye."

"Bahasha ikishalipiwa ni mali ya posta. Siwezi kugonga muhuri kwenye mali ya posta."

Sheria hiyo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya siku ile. Nikamwambia basi muhuri ushuke masjala, tugonge palepale. Akashika funguo shingoni. Muhuri hautoki ofisini kwake. Nikasema basi mashine ipande juu. Mashine ilikuwa nzito, imefungwa kwa skrubu kwenye meza yake, na meza haipiti mlangoni. Tukatazamana. Kwa muda tulikuwa wanawake wawili watu wazima tunaoshindwa na karatasi.

"Mpigie fundi," akasema. "Yeye ndiye aliyesema inajirekebisha."

Nikampigia. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa heshima.

"Mama, mashine haijakosea. Imekuta kona imejaa, imesogea. Ndiyo kazi yake."

"Imesogea juu ya anwani!"

"Andikeni anwani kwa wino mzito."

"Nizime hiyo habari ya kusogea. Niambie kitufe kiko wapi."

"Haizimiki, mama. Hiyo ndiyo sababu ya kuinunua."

Nilikata simu. Kuna aina ya kuchoka ambayo hata chai haiiondoi.

Sikukaa nimekunja mikono, mtu asifikiri hivyo. Niliomba kalamu nzito kutoka stoo, nikaambiwa ziko kwenye bajeti ijayo. Nilibandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya muhuri ili mashine isiuone. Ikachapa alama vizuri kabisa kwenye kile kipande, na kipande kikadondoka njiani. Niligeuza bahasha kichwa chini. Alama ikatoka chini kushoto, imepinduka, na yule dada wa posta akapiga simu mwenyewe kuuliza kama kuna mtu anaumwa ofisini kwetu. Nikaenda dukani nikanunua kalamu nzito nyeusi kwa mfuko wangu. Mkuu akaikuta mezani, akaishika bahasha niliyoiandika, akasema hospitali haiwezi kutuma barua zilizochorwa kama magunia ya mkaa. Anwani ziandikwe kwa kalamu ya kawaida, kama siku zote. Damu ilinichemka, lakini yeye ndiye mkuu.

Zikaja siku za bingwa wa makovu. Barua za kuwaita wagonjwa ziliandaliwa zote kwa pamoja, rundo zima, zikapanda juu, zikagongwa muhuri, zikashuka. Mkuu mwenyewe alishuka nazo. Alisimama nyuma yangu.

"Piga," akasema.

"Mama, hizi zitarudi. Hawa ni wagonjwa wa upasuaji. Wakikosa wiki hii ni mpaka mwaka ujao."

"Zilizorudi ni chache. Nyingi zinafika. Piga."

Na kweli nyingi zilifika, hilo sikatai. Posta walikuwa wakikisia, wakisoma jina la shule, wakipachika. Lakini wapo ambao shule yao haikuandikwa jina kamili, wapo ambao ilibaki namba tu. Nikapiga. Nilisikia mashine ikimeza na kutema, ikimeza na kutema, na kila mara alama ikiteremka palepale. Mkuu alipopanda juu nikachomoa kalamu yangu nzito kwenye pochi, nikaanza kurudia namba za boksi nyuma ya bahasha, moja moja, kutoka kwenye daftari. Gari la kwenda posta lilikuwa linapiga honi nje. Nilifika nusu ya rundo. Dereva akaingia, akabeba zote.

Wiki ya bingwa ikaanza. Jumatatu wagonjwa wakaja, wengi kuliko nilivyotegemea, na mkuu alipita masjala akanikonyeza. Jumanne asubuhi tarishi akaleta zilizorudi. Zilikuwa chache kweli. Ya juu kabisa ilikuwa ya yule mwanamke wa Ukerewe.

Nikapanda ngazi mbilimbili. Mkuu akaitazama bahasha, akasikitika kwa dhati, akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Basi tuma nyingine."

Nikashuka masjala. Nikajaza fomu ya ruhusa ya siku mbili, nikaweka sababu "msiba", kwa sababu niliona ni msiba. Jumatano asubuhi nikapanda meli ya Nansio nikiwa na ile barua kwenye pochi. Nansio nikachukua bodaboda, tukapita mashamba ya mihogo na majabali mpaka kwenye kijiji chao, na mchana nilikuwa uani kwao. Yeye alikuwa kwenye karai lake. Aliponiona alisimama, mkono wake ule akauficha kwenye kanga kwa mazoea, halafu akautoa.

Shemeji akaja. Mzee wa makamo, mpole, wala si mtu mbaya. Alizungumza na yule mwanamke Kijita, na mimi Kiswahili. Aliletewa kiti, akaipokea barua kwa mikono miwili, na hakuifungua. Akaikagua bahasha. Akauona muhuri, akatikisa kichwa kuafiki. Akaona alama nyekundu. Akaona RUDISHA KWA MTUMAJI.

"Hii wameikataa," akasema.

"Nani ameikataa, baba?"

"Serikali. Hospitali walimwita, hapa muhuri wao. Halafu serikali wakapiga chapa yao nyekundu, wakaandika irudi. Maana yake asiende."

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya mashine, ya jicho, ya muhuri, ya kona ya kulia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kwamba naongea mambo ya tapeli. Alinisikiliza kwa upole wote.

"Mama, mimi sisemi unadanganya," akasema mwishoni. "Lakini wewe umekuja na barua iliyokataliwa, na umeileta mwenyewe kwa mkono. Yule jirani yetu naye, baada ya ile simu, walimfuata wenyewe mpaka nyumbani. Acha mtendaji aione."

Nikamwomba aifungue basi, asome ndani, tarehe ipo, saini ya daktari ipo. Akasema ndani mtu yeyote anaweza kuandika.

Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwenda kikaoni wilayani. Nililala kwao, wakanipa chumba kizuri na sato wa kukaanga, na sikupata usingizi kwa hasira. Alhamisi mtendaji akarudi jua likiwa juu. Akasoma barua mara moja, akasema mbona huyu amechelewa, aondoke sasa hivi. Na ili mambo yakae sawa akachukua muhuri wake wa kijiji akaugonga kwenye bahasha, pale palipokuwa pamebaki. Shemeji akaridhika mara moja. Akatoa mwenyewe kuku wa safari. Meli ya asubuhi ilikuwa imekwishaondoka. Tulipanda ya mchana, na tulifika Mwanza jioni.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya bingwa. Nilisimama mlangoni kwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kama ombaomba mpaka akamwingiza kwenye orodha, wa mwisho kabisa. Baadaye daktari alitoka, amechoka, kofia bado kichwani, akanieleza kwa Kiingereza cha polepole, muuguzi akitafsiri. Mkono kama ule ni kazi ya nusu siku nzima. Kila kidole kinahitaji kutenganishwa na kuwekewa ngozi mpya kutoka pajani. Muda alioupata ulimtosha kufungua kidole gumba na cha shahada. Vingine vitatu asingeweza kuvigusa na kuviacha njiani, ingekuwa hatari. Kama mgonjwa angekuja wiki ikianza, daktari angevifungua vyote.

Jumamosi bingwa akaondoka.

Bandeji zilipotolewa, yule mwanamke alikuja masjala kuniaga. Alikuwa anacheka. Aliinua kidole gumba na cha shahada, akavigusanisha, akavitenganisha, akavigusanisha tena, mbele ya uso wangu. Vile vitatu vilikuwa vimelala kwenye kiganja vilevile.

"Mama, asanteni sana. Mungu awabariki kwa kunikumbuka. Nipeleke na kwa yule mkubwa wenu wa muhuri nimshukuru."

Nilimwambia hakuna haja. Akasisitiza. Nikampeleka. Mkuu alifurahi mno, akasimama, akazunguka meza, akanitazama juu ya miwani. "Umeona kazi ya muhuri?" akaniambia. Kisha akanyoosha mkono amsalimie. Mwanamke naye akanyoosha wake wa kulia, na mkuu akasita kidogo hewani, asijue ashike nini. Akashika vile viwili. Wakatikisana hivyo, mmoja akishukuru, mwingine akipokea shukrani, na mimi nikashuka ngazi kabla hawajamaliza, kwa sababu ningebaki ningesema maneno ambayo yangenifukuzisha kazi.

Mwaka uliofuata bingwa hakuja. Barua ya kumjulisha yule mwanamke hivyo ilipita kwenye mashine ileile, ikatumwa kwenye boksi ileile, na hiyo ilifika.